Nzuri, Ila

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, ile baridi yetu ya Juni ambayo ukungu unaingia darasani bila hodi na unakaa kwenye dawati kama mwanafunzi. Lakini kabla sijafika huko, nikuulize kitu. Jana ulipokuja kuniambia umepewa shule uiongoze, nilikuuliza, "Habari za huko?" Ukasema, "Nzuri tu, bibi." Halafu ukaanza kusifia chai yangu. Nimelala nalo hilo. Ndiyo maana nimekuita leo, na ukae vizuri, maana mimi nikianza unanijua.

Nilikuwa msichana, wakati Mwingereza bado yuko. Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya njia ya kwenda Rangwi, vyumba vya udongo, jiko la nyasi, na bustani ya maharage kwenye mteremko. Mimi sikusoma chuo chochote. Kaka yangu ndiye aliyesoma. Mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nyuma ya darasa lake na kusikiliza dirishani, na jioni nampora vitabu. Akinikatalia, tunapigana, na mara nyingi nilishinda mimi. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Zakaria, alinikuta siku moja nawasomea watoto wa jirani karatasi iliyofungiwa chumvi. Hakucheka. Aliniuliza kama nitaweza kuwafundisha wa darasa la kwanza, maana hakuwa na mtu. Siku ya kwanza nafika, akawaambia watoto, "Huyu ni Mwalimu Zubeda." Mwanangu, mpaka siku hiyo mimi nilikuwa "wee binti" na "wee mwenye kelele". Mtu akikuita mwalimu kabla hujawa mwalimu, utafanya nini? Mtu akimsema vibaya Mwalimu Zakaria mbele yangu, nilikuwa natupa nilichoshika kwanza, ndipo nauliza alisema nini.

Sasa huyo Zakaria alikuwa na jambo lake, na mimi lilinisumbua kweli. Kila asubuhi alisimama pale watoto wanapotokezea kwenye ukungu, akisalimia. Hilo kila mwalimu anafanya. Ila yeye akishajibiwa haondoki. Anauliza, "Habari za kwenu?" Mtoto anasema, "Nzuri." Halafu yeye anabaki tu. Anatazama mlima wa pili kama mtu anayesubiri lori. Hasemi kitu. Mtoto naye anabaki, anakuna mguu kwa mguu. Mimi nikiwa mlangoni nakufa kwa hamu ya kujua: huyu mzee anasubiri nini?

Nikamuuliza Mwalimu Elia, aliyekuwa anafundisha darasa la nne na kunitania siku nzima. Akasema, "Amesahau alichouliza. Uzee." Nikamrushia ufagio.

Basi, asubuhi hiyo ya baridi akaja Kaniki, mtoto wa darasani kwangu, amechelewa, macho mekundu, magoti yamejaa umande. Nilishafungua mdomo nimpigie kelele. Mwalimu Zakaria akanitangulia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Kaniki. Habari za kwenu?"

"Nzuri."

Kimya. Mlima wa pili. Mtoto anakuna mguu. 

"Nzuri," Kaniki akasema tena. "Ila mama hainuki. Tangu Jumapili. Na tate yuko Mombo."

Mama hoi, baba mbali: nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya mtoni. Mwalimu hakushtuka. Alimshika bega, akampeleka jikoni akapewa makande ya moto, akamtuma mkewe mwenyewe kwa yule mama, na mimi akaniambia Kaniki akija amechelewa wiki hiyo nisimuulize. Basi.

Nikamfuata mpaka bustanini. "Mwalimu, ulijuaje?"

"Sikujua," akasema. "Wewe umekulia hapa. Umewahi kumsikia mtu wa huku akiulizwa habari, akaanza na ubaya? Hata aliyetoka kuzika anasema nzuri. Ni adabu. Habari yenyewe iko nyuma ya 'ila'. Mimi nasubiri 'ila'."

Mwanangu, hebu fikiria. Maisha yangu yote nimesema "nzuri ila", nimeambiwa "nzuri ila", na sikuwahi kuliona hilo neno. Nikaanza kusikiliza watu sokoni Lushoto kama mwizi. "Nzuri, ila mvua." "Nzuri tu, ila mguu." "Salama kabisa, ila mume kahama." Na niliona jambo jingine: wengi hawafiki huko. Anayeuliza ameshasikia nzuri, ameshapita, na yule mwingine anabaki na ila yake mdomoni.

Hata Elia alikuwa nayo. Kila Jumatatu alichelewa, na sisi tukasema ni mvivu. Mwalimu Zakaria akamuuliza habari, akasubiri. Elia akatazama chini, yule mtani. "Nzuri, mwalimu. Ila suruali haikauki." Alikuwa nayo moja! Anaifua Jumamosi, na kwa ukungu ule, Jumatatu asubuhi bado anaikung'utia motoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwalimu mkuu hakucheka. Alifunga kamba jikoni mwa shule, juu ya mafiga, akasema mwalimu yeyote mwenye nguo ya kukausha ailete Jumamosi. Tukaja kugundua si Elia peke yake. Kamba ile ilijaa.

Sasa ndipo linapokuja lenyewe. Mvua za vuli zilipokaribia, Mwalimu Zakaria akabadilika. Chaki inamkatikia mkononi. Chai inapoa mbele yake. Anasimama mwisho wa bustani akitazama mashamba ya ng'ambo mpaka kengele inasahaulika. Nikajiuliza: sisi wote anatusubiri. Yeye anasubiriwa na nani?

Nikaamua ni mimi. Nikamwendea. "Shikamoo mwalimu. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri."

Hapo ilitakiwa ninyamaze. Nisikudanganye, niliweza nukta moja tu. "Nzuri eeh, maana mama nimemwona jana na kapu la matunda damu, nikasema huyu mama hazeeki, na bei ya sukari umeisikia?" Na yeye akatabasamu, akaondoka.

Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Elia akaniambia, "Zubeda, wewe ukinyamaza ng'ombe watadhani ni kiama. Jizibe na kitu."

Alisema kwa mzaha. Mimi nikalichukua kweli. Saa ya mapumziko nikanunua muwa, nikaumenya, nikamkuta Mwalimu Zakaria amekaa kwenye ukingo wa bustani. Nikamkatia pingili kwa heshima, nikakaa. "Habari zako wewe mwenyewe, mwalimu?"

"Nzuri."

Nikajaza muwa mdomoni. Nikatafuna. Maneno yanakuja, nakata pingili nyingine. Natema makapi, najaza tena. Na yeye anatafuna, polepole, anatazama mlima wa pili. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimelima na nimezaa.

"Nzuri," akasema mwishoni. "Ila, Zubeda, wananitaka niwatoe watoto."

Unajua habari ya matuta. Wakubwa waliamuru milima yote ipigwe matuta ya kuzuia udongo, na watu wengi walikataa, walisema kazi inavunja mgongo na mahindi hayazidi. Sasa yule bwana wa kilimo wa upande wetu, kijana wa Kizungu mwenye haraka, alikuwa amepata akili yake mwenyewe: watoto wa shule wakapige matuta kwenye mashamba ya baba zao waliokataa. Alikuwa anakuja Alhamisi kupanga siku ya kuanza.

"Nikikubali," Mwalimu Zakaria akasema, "hakuna mzazi atakayemwacha mtoto hapa. Mtatazamana na madawati. Nikikataa, naondolewa mimi."

"Na kwa nini hukutuambia?"

"Nyinyi mna ya kwenu. Sikutaka muanze kuogopa."

Nikasimama. Damu ilishapanda. "Huyo bwana akija nampiga na kiatu!"

Akanitazama miguuni. "Una kiatu, Mwalimu Zubeda?"

Sikuwa nacho. Tangu nizaliwe nilikuwa natembea peku. Akaanza kucheka, mwanangu, akacheka mpaka machozi, na nikaona kama mtu ametua mzigo wa kuni. Nikamwomba ruhusa niwaambie wenzetu. Akafikiri sana, akasema, "Waambie. Ila usitukane. Ukimtukana atasikia matusi tu, habari hataisikia."

Alhamisi gari likapanda. Watoto wakapangwa mstari. Sisi walimu hatukuitwa. Tulitoka tu, mmoja mmoja, tukasimama pembeni mwa mwalimu mkuu, Elia na suruali yake imekauka vizuri kabisa.

"Hamjambo watoto!" yule bwana akasema. "Habari ya shule?"

"Nzuriiii!"

"Nzuri sana. Vizuri. Basi mwalimu, kazi ya matuta inaanza Jumatatu." Akageuka kwenda kwenye gari.

Nilimtazama Mwalimu Zakaria. Midomo imefungwa. Mimi nilikuwa nimeng'ata pembe ya kanga yangu kwa meno yote, maana niliahidi. Bwana ameshafika mlangoni mwa gari. Mguu mmoja umeshaingia.

"Ila, bwana."

Hakuisema kwa nguvu. Lakini aliisema.

Yule bwana akageuka. "Ila? Ila nini?" Na uso wake, mwanangu, ulikuwa wa mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Nadhani kwenye kitabu chake cha Kiswahili salamu zilikuwa zinaishia kwenye nzuri.

"Bustani ya shule tutaipiga matuta, na watoto watajifunza," Mwalimu Zakaria akasema. "Ila shamba la mzazi hawatakanyaga kwa amri yangu. Mtoto nikimtuma mchana akamshinde baba yake, jioni atakula kwa nani?"

Bwana akawa mwekundu shingoni. Akatugeukia sisi. "Na nyinyi walimu, mnasemaje?"

Elia, yule mwenye masihara, akavua kofia.

"Sisi habari zetu nzuri, bwana," akasema. "Ila tuko naye."

Gari likaondoka kwa hasira, likapasua vumbi. Jumatatu ikafika, hakuna aliyekuja. Wala ya pili yake. Ile amri kwetu ilifia njiani, hatukuambiwa imefutwa na hatukuuliza. Watoto hawakupungua hata mmoja, na Kaniki alikuja na mama yake mzima, amebeba kuni za jikoni.

Lakini lazima nikuambie na lililobaki, nisikuuzie hadithi tamu. Baada ya mavuno Mwalimu Zakaria alihamishwa. Walimpeleka upande wa Bulwa, kwenye milima mingine, huko kwenye chai, mbali na mashamba yake na wazee wake. Hawakutoa sababu. Sisi tuliijua. Nilitaka kwenda kuwatolea maneno huko huko kwa wakubwa, Elia akanishika mkono mpaka ukaniuma.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka barabarani, kwenye lori la kushuka Mombo. Mizigo imepanda, mkewe ameshakaa. Akanijia.

"Habari zako, Mwalimu Zubeda?"

"Nzuri, mwalimu."

Na akasubiri. Utingo anapiga bodi, "Mzee, panda, twende!" Dereva anapiga honi. Yeye anatazama mlima wa pili, hana haraka.

"Nzuri," nikasema. "Ila sisi sasa nani atatusubiri?"

"Si upo wewe?" akasema. Akaweka mguu kwenye gurudumu, akageuka tena. "Ila nunua miwa mingi."

Ndiyo maana unaniona mpaka leo sina meno.

Sasa sikiliza, mwanangu, hili ndilo nililokuitia. Umepewa shule. Watakufundisha mengi kuhusu ratiba na mitihani, yashike. Lakini ukimuuliza mtoto habari, usiondoke na nzuri yake. Simama. Mwalimu wako akichelewa, kabla hujamwita mvivu, mpe nafasi afike kwenye ila, na akishaisema, usimpe hotuba. Funga kamba juu ya moto. Na wewe mwenyewe, hapo ndipo viongozi wazuri wanapoumia: usijifanye mti. Unawasubiri wote halafu ya kwako unaimeza, unasema sitaki waogope. Watu wako hawaogopi kusimama na wewe. Wanaogopa kutojua wasimame wapi. Tafuta mmoja wa kukusubiri, na akikusubiri, sema. Hata kama utahamishwa. Yule mzee alihamishwa, na shule ilibaki shule.

Mungu akupe masikio kuliko sauti, jambo ambalo mimi sikupewa. Akulindie watoto wako wote wanaotokea kwenye ukungu, na walimu wako, na nguo zao zikauke. Ukichoka, akuletee mtu wa kukaa naye ukingoni mwa bustani.

Sasa. Hebu tuanze upya. Habari za shule yako?

Nzuri, eeh. Sawa.

Nipe huo muwa hapo nyuma yako, niumung'unye. Sina haraka.