Telefone ilisema mama anaenda Kailo

Leo mama yangu aliitwa mwizi wa telefone yake mwenyewe.

Mama iko anatibiwa kansa. Dawa anapatia Kisangani, kisha anarudi hapa Alunguli, na muuguzi wa kule anamufuata kupitia telefone. Kila siku telefone inamuuliza kama alitapika, kama ana homa, na inahesabu hatua zake.

Hizo hatua njo zilikuwa zinatutesa. Tangu dawa ya mwisho mama alikuwa wa kitanda tu. Chakula hataki, hata harufu yake. Muuguzi alishaniambia: akiendelea hivi, dawa inayofuata itangoja kwanza.

Leo asubuhi hatua zikapanda kama za mutu anaenda Kailo, mbali kule, kwa miguu.

Muuguzi akapiga. Mama akapokea, anahema, na sauti ameifungua yote (mama yangu hupokea kwa ajili ya mutaa muzima).

"Weye ni nani? Rudisha telefone ya mugonjwa."

"Mugonjwa njo miye, mwanangu."

"Sasa unaenda wapi hivyo?"

"Siendi fasi yoyote. Natwanga sombe."

Nikatoka mbio uani. Ni kweli, majani ya muhogo iko mu kinu. Telefone ameifunga kiunoni mu kitenge, na kila akipiga kinu, yenyewe inahesabu hatua.

Muuguzi akawa mukali. "Na hali hiyo, nani alikutuma kutwanga?"

Mama akapiga kinu mara moja tena.

"Njaa."

Kisha muuguzi kule Kisangani, na sauti ya chini kabisa: "Mama, mawese iko ya kutosha?"

Wa karibu, mulete bukari, ugali wa kulia sombe. Wa mbali, mungetia nini mu sombe hiyo?