Kibao cha Meza ya Wambugu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani ingekuwa ya mtu mwingine. Nakuandikia kwa sababu umesema umechaguliwa kwenye kamati ya siku ya tamaduni huko chuoni kwenu. Mimi niliishia darasa la saba, na sina hakika kama mtu wa darasa la saba anafaa kumshauri mwanafunzi wa chuo kikuu. Lakini daftari langu la siku zile bado ninalo. Jana nimelisoma tena, na sikupenda nilichokikuta.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mpishi katika chuo kimoja hapa Lushoto, kule juu kwenye baridi. Mwaka ule alikuja mwalimu mgeni kutoka Marekani, Mwalimu Marisol, kufundisha habari za Walatino, yaani watu wa huko Marekani ambao asili yao ni Mexico na nchi nyingine za upande ule. Yeye ndiye aliyetoa wazo la siku ya tamaduni: kila jamii na meza yao, chakula chao, na mzee wao mmoja wa kusimama aseme machache kwa lugha yao.

Meza zilikuwa kazi yetu sisi wa jikoni. Na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikapewa niandike vibao vya meza pamoja na orodha ya kusomwa na mshereheshaji.

Mama Saidi, wa kabila dogo la Wambugu wa milima hii hii, aliyekuwa akituletea maziwa kila asubuhi, akanikuta naandika. "Elizabeti, na sisi Wambugu utuandikie meza yetu," akasema. "Mama yangu atakuja. Atasema Kimbugu kile cha ndani, cha wazee, ambacho hata wanangu hawakijui."

Nikacheka. "Mama Saidi, ninyi si ni sisi tu? Kishambaa mnaongea kama sisi, viazi mnalima kama sisi, hata mumeo ni Mshambaa. Mtakaa meza yetu, nafasi iko tele."

"Haya," akasema, akiinua ndoo yake. "Wewe ndiye mwenye kalamu."

Nijitendee haki kidogo: sikusema kwa ubaya. Niliona namkaribisha. Na meza zilikuwa chache kweli. Lakini jana kwenye daftari nimeona nilivyozigawa, na meza moja nzima tuliwapa wanakamati waweke makoti yao.

Asubuhi ya siku yenyewe Mwalimu Marisol alikuja jikoni kupika mikate ya mahindi ya kwao. Akachemsha mahindi, akatia chokaa aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

"Chokaa?" akauliza Mzee Shemdoe, mpishi wetu mkuu. "Hii ya kupaka ukuta?"

"Hii ya kula, mzee."

"Basi mimi nitakula kesho, nikishaona hawa wameamka wazima."

Mikate ilitoka vizuri, na mzee alikula minne siku hiyo hiyo. Ukumbini, kwenye meza yake mwalimu, nilikuwa nimeandika CHAKULA CHA WALATINO. Akakisoma kibao, akaniomba kalamu, akaongeza chini yake: Wamixteki, watu wa bibi yangu.

Nikamwuliza kama nimekosea. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, nami nakinyoosha hapa. "Hujakosea. Mimi ni Mlatino kweli, silikatai jina hilo. Tulipodai historia yetu ifundishwe vyuoni, tulidai kwa jina hilo kubwa. Tungekwenda kikundi kimoja kimoja tusingesikilizwa. Lakini bibi yangu alikuwa mchuma matunda mashambani huko Marekani, na alijua Kimixteki tu, lugha ya wenyeji wa Mexico; Kihispania hakukijua. Alipolazwa hospitali wakamletea mkalimani wa Kihispania, wakasema huyu ni Mlatino, wataelewana. Hawakuelewana. Akawa analia tu, na wao wanaandika."

Niligeuka kuitazama meza yetu. Mama yake Mama Saidi, Bibi Zaina, alikuwa amekaa pembeni kabisa, amevaa kanga mpya. Kibuyu cha mtindi amekipakata, kwa sababu mezani ndizi zetu zilikuwa zimejaa.

Mshereheshaji akaanza kusoma. Akawaita Washambaa, mzee wetu akasimama akasema. Wakafuata Wabondei, wakafuata Wapare. Mwanangu, kutoka niliposimama hadi kwa mshereheshaji hapakuwa mbali. Ningekwenda nimwambie, kuna watu sikuwaandika. Nilibaki na sahani mkononi. Niliogopa kuonekana nimekosea mbele ya wageni. Orodha ikaisha, muziki ukafunguliwa, na nilipotazama tena kiti cha Bibi Zaina kilikuwa kitupu. Nje Mama Saidi alikuwa anampandisha mama yake kwenye pikipiki, na kibuyu bado kimejaa.

Jumapili baada ya ibada nilipanda hadi kwao, ng'ambo ya msitu. Nikamkuta bibi uani, nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Unajua kwetu maana ya shikamoo kuachwa hewani. Akaanza kusema, kwa Kimbugu chake kile cha ndani. Alisema muda mrefu, taratibu, mikono ikionyesha mlima, ikionyesha zizi, mara ikinionyesha mimi. Mara nyingine aliniuliza kitu, akanyamaza akingoja nijibu. Mama Saidi alikuwa pale pale anapukuchua maharage, na wala hakunitafsiria. Baridi yote ile, mimi natoka jasho.

Alipomaliza akaniuliza kwa Kishambaa, "Umeelewa?"

"Hapana, bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi usiseme tena kwamba sisi ni ninyi. Sema ni majirani. Jirani ni neno zuri tu." Halafu ndipo akasema, "Marahaba," akanimiminia mtindi.

Nikamwomba aniambie alikuwa amesema nini. "Ndiyo maneno niliyowaletea siku ile," akajibu. "Yalikuwa ya siku ile."

Mwaka uliofuata niliandika kibao cha Wambugu kabla ya vingine vyote. Bibi Zaina miguu ilikuwa imeshakataa. Alisimama Mama Saidi, akatoa salamu, akakaa, kwa sababu Kimbugu kile alikisikia, lakini salamu tu ndizo alizoweza kuzisema vizuri. Hotuba ya mama yake tuliisikia watu wawili tu, na mmoja wao nilikuwa mimi, nisiyeielewa.

Basi mwanangu, yangu ni machache. Usiandike orodha ukiwa umekaa ofisini. Wafuate watu, uwaulize wenyewe wanajiitaje, uandike walivyosema, hata kama wewe unawaona ni wamoja. Jina kubwa usilitupe, lina kazi yake. Ila lisimfiche mtu. Makoti yatundikwe ukutani. Na ukimwona mtu amesahaulika wakati umeshika sahani, weka sahani chini uende ukaseme. Aibu ya siku ile ingekuwa ya dakika moja. Mimi nimekaa nayo hadi leo.

Mungu auongoze mkono wako utakaoandika. Kila atakayekuja siku hiyo akikute kiti chake, alisikie jina lake likiitwa, na arudi kwao na kibuyu kitupu.