Mwalimu wa Binti Yangu

Mwalimu wa darasa la pili hapa Mvara hamchapi mtoto anayelia. Hupiga magoti mbele yake, humshika viganja na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni hasira ama uoga?" Kisha hungoja, hata kengele ikilia. Nimeijaribu sauti hiyo nyumbani, haikunikubali. Jana nilimkuta na binti yangu, Driwaru. "Ni huzuni," mtoto alimwambia. "Baba iko Koboko, hapigi simu." Miezi miwili nimemwuliza mimi, akinijibu hana kitu. Kwa wivu nikamvuta mtoto mkono tuondoke. Mwalimu akainuka taratibu. "Mama Driwaru, anasema nyumbani ananyamaza kwa sababu wewe utalia." Nikamwachia mtoto mkono, nikalia mbele yake.