Chokaa Katika Vidole vya Mama

Uvimbe wa kwanza ulitokea kwenye kidole gumba cha mama, na sote tuliamini ni mwiba wa samaki. Mama alikuwa akianika dagaa ufukweni mwa ziwa, Bangwe, tangu sijazaliwa, na kuchomwa kwake kulikuwa jambo la kila wiki. Jirani akautumbua kwa sindano aliyoichemsha. Mwiba haukutoka. Kilitoka kitu cheupe chenye chengachenga, kama chokaa iliyoloa. Mama akakifikicha, akakinusa, akasema, "Hii siyo usaha. Labda naanza kujenga nyumba humu ndani." Tukacheka sana. Leo nikikumbuka kicheko kile nakasirika.

Mwaka haukuisha kabla vinundu havijaingia vidole vingine na viwiko. Ngozi ya mikono ikakaza, ikawa inang'aa. Akigusa maji ya ziwa asubuhi, vidole vinageuka vyeupe mpaka avipashe moto kwenye jiko.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kasingirima, na nyumbani kwetu neno la mwalimu halipingwi, hasa na mwalimu mwenyewe. Nikatafuta kwenye simu, nikaona kwamba chokaa ile ni kalsiamu. Basi, kesi imekwisha. Kila mwaka nawaandikia watoto ubaoni: kalsiamu hupatikana katika maziwa na katika dagaa, kwa sababu huliwa pamoja na miiba yao. Nikaenda Bangwe na hukumu yangu mkononi.

"Mama, dagaa basi."

"Dagaa gani?"

"Wote. Wabichi, wakavu, hata mchuzi wao."

Akanitazama. "Yewe, mwanangu! Dagaa hawa wamenilea, wakakusomesha na wewe. Leo wamekuwa sumu?"

"Unataka kupona au unataka kubishana?" Nilimjibu kwa sauti ninayoitumia darasani. Hakubishana.

Miaka miwili mama aliwaanika, akawageuza, akawapepeta mchanga, akarudi nyumbani ananuka dagaa, kisha akala maharage. Siku moja nilimkuta kando ya chanja, shavu limetuna kidogo. Nilimnyooshea kiganja, naye akatema humo dagaa mmoja aliyetafunwa nusu. Mama yangu mzazi, mwenye wajukuu. Niliona fahari kwamba ninamwokoa.

Vinundu havikuwa na habari na fahari yangu. Vilipoanza kupasuka vyenyewe nikampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alimwamkia shikamoo kwanza, akaishika mikono yake taratibu, akapima damu, akapiga picha. Kwenye picha vidole vilikuwa na madoa meupe kila mahali, kama mtama uliomwagika. Aliuliza kama kuna chakula tulichomkataza. Nikajibu haraka, nikitegemea pongezi, "Dagaa. Miaka miwili hajawagusa."

"Dagaa hawana kosa," akasema. "Kalsiamu ya damu yake iko sawa kabisa. Ana ugonjwa unaokaza ngozi na kubana mishipa, na pale nyama inapoumia, mwili unaweka chokaa mahali pasipotakiwa. Hata asingekula kitu, ingejiweka tu."

Nikauliza dawa ya kuiyeyusha.

"Niwe mkweli, hatuna dawa ya uhakika. Kuna vidonge vya presha tunavyojaribu. Huwasaidia wagonjwa wachache."

Mama hana presha, lakini alivimeza. Vilimpa kizunguzungu na kumvimbisha miguu, mpaka daktari mwenyewe akavisimamisha. Kisha wakampasua kidole gumba, kwa kuwa ndicho kilichomliza zaidi. Walitoa chokaa yote waliyoiona. Kidonda kilichukua masika yote kufunga, na kabla hakijafunga, kinundu kipya kilikuwa kimechomoza pembeni ya mshono. Daktari akasema hatapasua tena ila pakioza. Nikasaini fomu, nikasema asante. Sijui nilikuwa nashukuru nini.

Siku bendeji ya mwisho ilipoondolewa, nilipitia mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, nikachukua dagaa wabichi, wa asubuhi ileile. Nikawapika kwa mawese, kitunguu na nyanya, na ugali wa muhogo, kama alivyotupikia yeye. Nikatenga mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, maneno nikiyapanga njia nzima.

Mama akanawa. Akajaribu kumega ugali, vidole havikukunjika. Akaacha ugali, akajaribu dagaa mmoja. Akamponyoka. Akajaribu tena, akamponyoka tena, akabaki na mawese kwenye ncha za kucha.

"Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Vyangu viko kumi na havishiki hata dagaa aliyekufa."

Sikucheka. Nikamega tonge, nikalichovya, nikaweka dagaa wawili juu yake, nikamlisha. Alitafuna taratibu, macho kafumba. Badala ya ile radhi niliyoipanga, nikamfuta mawese kwenye kucha.

"Watamu," akasema. Kisha akaniambia bila hasira, na afadhali angekasirika: "Ungeniachia ile miaka miwili, mwanangu. Vidole nilikuwa bado ninavyo."

Nikamega tonge jingine. Mama akafungua kinywa kwa utiifu uleule aliotemea dagaa kwenye kiganja changu.