Waya wa Yunia Haupiti kwenye Ufunguo

Saa moja asubuhi, Litein. Ukungu bado umelalia mashamba ya majani chai, na kwenye mlango wa Land Rover ya kijani imechomoza miguu miwili ya mwanamke aliyevaa buti za mwanamume. Ni miguu ya Yunia Gesare. Kichwa chake kiko chini ya usukani, bisibisi ameiuma mdomoni, na leo hana haja ya salamu za mtu.

"Ngoja," anasema. Basi tunangoja, mwandishi na daftari lake.

Kazi yenyewe si ya kila siku. Mzee Ndung'u, mfanyabiashara anayepeleka kuni kwenye viwanda vya chai, amenunua trela kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Trela hilo lina breki zake lenyewe, za umeme, zenye sumaku ndani ya magurudumu. Lakini breki hizo ni bure mpaka gari linalovuta, Land Rover yake hii, lifungwe kisanduku cha kuziamuru. Dereva akikanyaga breki, kisanduku kinapeleka umeme nyuma, na trela nalo linajishika. Bila hicho, shehena ya kuni itamsukuma dereva mgongoni mteremko mzima.

Ndung'u huyohuyo ndiye mwenye ploti ya gereji hii. Amemwambia Yunia waziwazi kwamba kazi hii ikiharibika afungashe vyombo vyake, kwa sababu kuna fundi mwanamume ameulizia nafasi.

"Anataka fundi kamili," Yunia anasema akijivuta nje. "Sijui mimi nimepungua wapi."

Gereji ilikuwa ya mumewe, Nyang'au, fundi wa umeme wa magari aliyehama Nyamira kuja kutafuta riziki huku kwenye chai. Mwaka wa 1973 aliajiriwa na tajiri mmoja karibu na Boito kuendesha gari la kuvuta trela. Siku moja mteremkoni alifanya wanavyofanya madereva wengi wa huku: alizima injini, akaacha gari liteleze lenyewe ili petroli ibaki. Aliyefunga breki za trela lile, fundi mwingine kabisa, alikuwa ameupitisha waya kwenye ufunguo. Ufunguo ulipozimwa, breki za nyuma nazo zikafa. Nyang'au alitolewa mtaroni, na hospitalini mguu wake wa kulia ukakatwa.

Aliporudi nyumbani hakuweza tena kuingia chini ya gari. Akawa anakaa kwenye kreti ya soda anaelekeza, Yunia anafunga. Kadiri miaka ilivyokwenda, maelekezo yakapungua.

"Siku hizi mimi ndiye namuuliza," Nyang'au anasema, na anacheka bila haya yoyote.

Wengine hawakucheka. Wanawake wa kanisani walimwita kando wakamuuliza habari za ovaroli, eti ni vazi la kiume. Yunia aliwajibu kwamba siku ya Sabato atavaa rinda, na siku nyingine, anayekerwa aje alale chini ya gari na rinda lake aone litakavyotoka.

Saa nne Ndung'u anafika na dereva wake, Bogonko. Mzee anainama, anaufuata waya kwa kidole, anakunja uso. Waya umetoka kwenye betri, umepita kwenye fyuzi, ukaenda zake kwenye kisanduku bila kuugusa ufunguo. Yeye anataka upite kwenye ufunguo, kama alivyoona mjini Kericho, ili betri isinyonywe usiku kucha. Yunia anamweleza kwamba kisanduku hakili umeme mpaka mguu ukanyage breki. Mzee anashikilia lake. Kwani nani atazima gari likiwa safarini?

Bogonko anaapa kwamba hajawahi kuzima injini mteremkoni tangu aanze kazi. Anaapa kwa mamake. Anaapa tena, na hakuna aliyemwomba.

"Mama Kebaso, peleka hiyo waya kwa ufunguo," Ndung'u anamwambia Yunia, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Gari ni yangu."

"Gari ni yako, mzee, lakini kazi ni yangu. Ukitaka ipite kwa ufunguo, tafuta mtu mwingine aifunge. Mimi nitahama leo."

Si maneno madogo hayo. Watoto watatu wanakula kutoka gereji hii, na baba yao yuko pale kwenye kreti, anasikia. Haingilii. Mwishowe Ndung'u anapumua kwa nguvu na kusema haya, lijaribiwe kwanza, halafu ataamua.

Trela limejaa kuni mbichi. Bogonko anashika usukani, Yunia anabanwa katikati, Ndung'u anakaa dirishani, mwandishi anatupwa nyuma. Tunashika barabara ya Sotik, Bogonko akipiga mluzi. Pale mteremko wa kwenda mtoni unapoanza, mkono wake unatoka kwenye usukani, unaondoa gia, unazima ufunguo. Umekwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayejikuna.

Injini inanyamaza. Mluzi nao unakatika. Nyuma kuni zinagongana, trela linaanza kutusukuma, na mbele kuna kona. Tuseme ukweli, tuliogopa. Bogonko anakanyaga breki.

Trela linajishika. Hatuyumbi hata kidogo. Tunasimama kando ya barabara taratibu, injini ikiwa imezimwa vilevile.

Ndung'u anashuka, anamgeukia dereva wake. Kisha anamuuliza polepole: hiyo petroli inayobaki kila siku imekuwa ikienda wapi? Bogonko anaharakisha kuwasha injini. Yunia ameshashuka. Anapapasa magurudumu ya trela moja baada ya jingine, kuona kama yamepata joto sawa, dalili kwamba breki zote zimeshika.

Tukirudi Litein, habari za fundi mwanamume hazitajwi tena. Ndung'u anasema ana Land Rover nyingine, ataileta. Yunia naye anasema kabla ya Krismasi atatundika ubao mlangoni, wenye rangi, unaosomeka toka barabarani.

Mzee anamshauri aandike jina la Nyang'au, maana watu wakisoma jina la mwanamke watapita tu. Nyang'au anatikisa kichwa pale kwenye kreti.

"Itaandikwa Yunia Gesare, Fundi," Yunia anasema.

"Na nani atakuja?" Ndung'u anauliza.

"Wewe umekuja."