Siku Redio Iliposema Wamemuua

Nilipovuka mpaka na kuhamia Likasi kutoka Dodoma, kufunga mota za umeme katika kiwanda cha shaba, nilidhani lugha haitanisumbua. Wiki ya kwanza sokoni nilimsikia mama mmoja akisema "miye iko na batoto tano", nikacheka kimoyomoyo. Kiswahili gani hiki, nikajisemea.

Mke wangu, niliyemwoa hukohuko, ndiye aliyenifundisha, na darasa letu lilikuwa redio. Kila Jumapili baada ya misa tulisikiliza mechi za timu za mitaani. Mtangazaji alikuwa na ulimi wa pekee. Mchezaji akipigwa chenga, kwake ni "banamuua", yaani wamemuua. Akipigwa chenga hadi akaanguka, "banamuzika". Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikayatumia kazini, mafundi wenzangu wakafurahi. Mwaka haujaisha nikajiona mwenyeji.

Mdogo wake mke wangu alikuwa kipa, au gardien kama wasemavyo huku, wa timu ya mtaa wetu. Kijana mpole, mikono mikubwa, mwenye kula kwetu kila Alhamisi. Kama dada yake, aliniita Papa, yaani baba, ingawa nilimzidi miaka sita tu.

Jumapili moja timu yake ilipocheza, mvua ilituzuia kwenda uwanjani. Mke wangu alikuwa akisonga bukari, ugali wa huku, redio ikiwa dirishani. Kipindi cha pili mtangazaji akasema, "Gardien anatoka golini. Iko chini. Banamuua, bandugu. Banamuua huyu mutoto."

Mke wangu akaacha mwiko. "Papa, ule njo mudogo wangu," akasema, yaani yule ndiye mdogo wake.

"Maneno ya mpira hayo," nikamjibu. "Kapigwa chenga. Si wewe uliyenifundisha?"

"Hapana. Sikiya sauti yake."

"Sauti yake ndiyo hiyo kila Jumapili."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka. Redio ikaweka wimbo katikati ya mechi, na hata hapo sikushtuka. Yeye alijitanda kitenge, akatoka na ndara zake kwenye mvua bila kuniaga. Mimi nilijipakulia bukari na samaki, nikala, nikimwona mwenye wasiwasi wa bure.

Nilikuwa sijanawa mikono jirani yetu alipoingia, kalowa chapachapa. Goti la mshambuliaji lilimpiga shemeji yangu kichwani. Uwanjani hapakuwa na machela, wakambeba juu ya benchi la wachezaji wa akiba.

"Madamu iko ku hôpital," akasema. "Anakuuliza."

Nilimkuta mke wangu ameketi sakafuni kwenye korido ya hospitali, nguo zimemgandama mwilini. Nikakaa kando yake. Akasema, bila kunitazama, "Nilikuambia sikiya."

Shemeji alizinduka siku ya tatu. Jicho la kushoto halikuona tena. Walipomruhusu kutoka nilimwomba mke wangu msamaha, nikitafuta maneno ya lugha yake badala ya yangu. Akanijibu, "Inaisha." Kwetu Dodoma, neno hilo lingemaanisha jambo bado linaelekea kwisha. Likasi linaweza kumaanisha limekwisha. Sikumuuliza alikusudia lipi. Niliogopa jibu.

Siku hizi shemeji analima mahindi Kapolowe, kwa mama yao. Tulikwenda mwezi uliopita. Alitupokea barabarani, akachukua mzigo wa dada yake, kisha akanyoosha mkono kunisalimu, ukapita pembeni ya mkono wangu. Akajaribu tena.

"Karibu, Papa," akasema. "Njia ilikuwa muzuri?"

Nikasema ilikuwa nzuri. Mke wangu alikuwa ameshatangulia mbele na mama yake, wakizungumza kwa haraka, nami nilisikia neno mojamoja tu.