Uzi au Pini

Daktari aliyenizalisha kwa upasuaji ana vidole vifupi, vinene, na anapopita wodini huvisugua mpaka vipate joto ndipo amguse mtu. Sauti yake hufika kabla yake. Kila mama kwake ni "mwanangu", hata aliyemzidi umri, na kila mama humuuliza: "Nikufunge kwa uzi au kwa pini?" Kisha hueleza taratibu kwamba pini za chuma ni za haraka ila lazima zije zitolewe, na uzi unachelewesha kidogo, lakini unayeyuka wenyewe na kidonda hakiachii ovyo. Mimi kidonda cha uzazi wa kwanza, kilichofungwa kwa pini, kilifunguka nikiwa nyumbani, nikafika mahali pa kuogopa hata kupiga chafya. Nikasema uzi.

Siku ilipofika nilichomwa ganzi ya mgongoni, nikabaki macho. Mtoto alipokwisha kulia, mtaalamu wa usingizi akaanza kuhimiza. "Daktari, piga pini tumalize, mwingine anasubiri."

Hakuinua macho. "Mwenye tumbo kasema uzi. Siku ukizaa wewe, tutakupiga pini."

Nikacheka, tumbo likatikisika. "Tulia, mwanangu! Mkono ukiteleza nitakuandika jina langu hapa."

Mume wangu, aliyekaa karibu na kichwa changu, akadakia, "Andika langu, Daktari."

Sindano ikasimama hewani. "Lako, mkwe? Basi njoo ulale hapa, nikuandike wewe mwenyewe."

Akangoja vicheko viishe, hata cha mtaalamu wa usingizi, akaendelea kushona bila pupa. Safari hii kidonda hakikufunguka.